Kifo cha Kwanza cha Bi Sabra

Bi Sabra Machano alikufa kwa mara ya kwanza alasiri moja, akiwa uani kwake anafua mashuka. Hakujua kama amekufa. Mikono yake ilikuwa na povu mpaka viwikoni, bomba lilikuwa likimwaga maji kwenye beseni kwa kelele, na simu yake ilikuwa ndani, juu ya kabati la vyombo, ikiita peke yake.

Aliyekuwa akipiga alikuwa upande wa pili wa mji, kwenye ghorofa ya juu ya jumba la vioo la televisheni. Aliitwa Lukresia Shombe, mkuu wa chumba cha habari. Zamani, alipokuwa bado anatetemeka mbele ya kamera, ni Bi Sabra aliyemfundisha kazi: namna ya kuuliza, namna ya kunyamaza baada ya kuuliza, namna ya kuliogopa neno "inasemekana" maadamu miguu ipo na mtu anaweza kwenda kujua ni nani anayesema. Sasa kwenye simu ya kila mmoja mle chumbani kulikuwa na ujumbe mfupi: Sabra amefariki leo asubuhi. Ujumbe haukuwa na mwenyewe. Ulikuwa umepita mikono mingi mno, na kila mkono ulidhani uliotangulia ndio uliojua.

Simu ikakatika. Lukresia akapiga tena, ikakatika tena.

Bwana Tigiti, mkurugenzi, alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa mtu mpole asiyepandisha sauti, na upole wake ndio uliofanya iwe vigumu kumkatalia. Akaonyesha kwa kidevu runinga iliyokuwa ukutani. Kituo kingine kilikuwa kimeshaweka picha ya Bi Sabra na utepe mweusi pembeni.

"Wenzetu wameanza," alisema.

"Simu yake inaita, haipokelewi."

"Nyumba yenye msiba, nani atapokea simu?"

"Nimtume mtu aende. Si mbali, ni Mtaa wa Mikaratusi."

"Akifika huko na kurudi, mji mzima utakuwa umeshalia na kunyamaza. Sisi tutalia na nani?"

Lukresia alimtazama, kisha akatazama picha yenye utepe. Yako mambo ambayo mtu huyafanya bila kuamua kuyafanya. Anasimama mbele ya mlango, mlango unafunguka wenyewe, naye kwa kuwa amesimama pale anaonekana kama aliyetaka kuingia. Alishuka studio akaisoma habari yeye mwenyewe, kwa sababu aliona kuwa hiyo ni heshima, na alipofika kwenye neno "amefariki" sauti yake ilikatika kidogo. Haikuwa imepangwa. Bwana Tigiti, aliyekuwa akitazama kutoka chumba cha mitambo, aliagiza kipande hicho kirudiwe kila baada ya muda.

Mji ule ulikuwa hauna jioni. Zamani ulikuwa nayo. Enzi za Bi Sabra watu walijua jioni imefika kwa sababu yeye ameketi. Wenye maduka walifunga milango nusu, waliokuwa wakigombana waliahirisha, watoto walifukuzwa mbele ya runinga wakae nyuma, naye akasema "Habari za jioni", na jioni ikawa. Alisema yaliyotokea, akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake siku ikafungwa. Tangu habari zianze kutiririka mchana kutwa na usiku kucha bila mtu kuketi, jioni iliacha kufika. Mwanga ulipungua, ndiyo, na taa ziliwashwa, lakini hakuna aliyeweza kusema ni wakati gani hasa jambo limekwisha kutokea. Kila jambo lilikuwa bado linatokea. Kila jambo lilikuwa limeshatokea kabla. Mtu aliamka akakuta ameshakasirishwa na kitu cha kesho.

Na katika mji wa namna hiyo watu hujifunza, taratibu, bila kufundishwa, kwamba kuwepo ni kutajwa. Mvua haikunyesha mpaka itangazwe, waliolowa walisubiri. Ndoa, njaa, ushindi, ugonjwa, vyote vilikaa mlangoni vikingoja jina lao liitwe. Je, mtu yuko kwa sababu yuko, au yuko kwa sababu wengine wamekubaliana kusema yuko? Swali hilo halikumsumbua mtu yeyote mjini siku ile. Siku ile walikuwa wanalia.

Walilia vizuri. Walimkumbuka Bi Sabra kila mmoja kwa upande wake, na kila aliyemkumbuka alimwongezea kidogo, kama watu wanaopita mbele ya moto na kila mmoja anatupa kijiti. Mzee mmoja alisema mbele ya kamera kwamba siku ya maporomoko ya Machimboni alimwona kwa macho yake akimbeba mtoto kutoka kwenye tope. Mwanamke mmoja akasema siku hiyohiyo Bi Sabra alitokwa na machozi hewani, na kwamba machozi yale ndiyo yaliyoufanya mji uchangie. Lukresia, akiwa chumbani anasikiliza, alijua kwamba haikuwa hivyo. Siku ya maporomoko vituo vyote vilikuwa vikitaja idadi ya waliofukiwa, na kila kituo kilipanda juu ya mwenzake. Bi Sabra alirudi kutoka huko na viatu vya tope, akaketi, akasema, "Waliofukiwa ni wangapi, hatujui." Halafu akanyamaza, akitazama kamera, mpaka fundi wa sauti akadhani mitambo imeharibika. Mji ulikasirika. Ulikuwa haujapata kusikia neno hilo kutoka mahali pale. Kioo cha gari la televisheni kilivunjwa kwa jiwe. Baadaye miili ilipotolewa ikaonekana kwamba namba zote zilizotajwa zilikuwa za uongo, naye hakurudi kusema kwamba yeye hakutaja.

Hilo hakuna aliyelikumbuka siku ya msiba. Watu hawalilii "hatujui".

Lukresia alikuwa kwenye chumba cha mapambo, akijifuta poda usoni, simu yake ilipoita.

"Lukresia."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Sabra. Nimekutazama ukisoma. Umesema nilizaliwa Kivuleni. Mimi sikuzaliwa Kivuleni, nimezaliwa Ng'ambo ya Reli. Kivuleni ni kwao marehemu mume wangu."

Lukresia aliketi chini, sakafuni, kitambaa cha poda bado mkononi. Sauti ilikuwa ileile, kavu kidogo, isiyo na haraka.

"Upo?" Bi Sabra aliuliza.

"Nipo, Bi Sabra. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo jambo lingine, njoo ulione mwenyewe."

"Jambo gani?"

"La kufa kwangu."

Mtaa wa Mikaratusi ulikuwa umeshafungwa kwa turubai. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa, masufuria makubwa yalikuwa jikoni, na Bwana Makungu, jirani wa ukuta mmoja na Bi Sabra, alikuwa mlangoni na taulo begani akipokea watu.

"Karibu, dada. Pole kwa msiba."

"Bwana Makungu, Bi Sabra si yuko ndani?"

"Yuko. Amekaa na kina mama. Tumempa uji."

"Sasa msiba wa nini?"

Bwana Makungu alishusha taulo, akalikunja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa jambo rahisi kwa lugha ngumu.

"Sisi tulimwona anaanika mashuka," alisema. "Halafu tukasikia kule. Tukajadiliana. Tukaona sisi huku tu wachache, kule wana vyombo, wana picha, wana watu waliosoma. Na aliyesema ni wewe, aliyekufundisha ni yeye. Tukasema yawezekana sisi ndio hatujaona vizuri."

Ndani, Bi Sabra alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha, kanga ya kufulia bado kiunoni. Mwanamke mmoja alimshika mkono akimwambia, "Jikaze, mama. Alikuwa mtu mzuri." Bi Sabra akaitikia kwa kichwa. Runinga ilikuwa inawaka pembeni, na ndani yake Bi Sabra mwingine, kijana, mwenye nywele nyeusi, alikuwa akisoma habari za miaka iliyopita bila sauti, huku muziki wa huzuni ukipigwa juu yake.

Lukresia alipiga magoti mkekani. "Nisamehe, Bi Sabra. Nilipiga simu, haikupokelewa."

"Mimi nilikuwa nafua."

Lukresia alingoja alaumiwe, na lawama haikuja, na kukosekana kwake kulimkalia mabegani.

"Wanayemlilia simfahamu," Bi Sabra alisema, akitazama runinga. "Nimekaa hapa namsikiliza. Mtu mwema kweli. Alibeba mtoto kwenye tope. Mimi siku ile sikubeba mtu, nilisimama tu nauliza watu majina ya ndugu zao. Huyu anayeliliwa ni bora kuliko mimi. Nikiwaambia niko hai nitakuwa nimewapunguzia."

"Mkurugenzi anataka tukurushe hewani kutoka hapahapa. Gari liko njiani na maua. Watu wakuone, wafurahi, yaishe."

"Sitaki."

"Kwa nini, Bi Sabra?"

"Nikionekana mimi, habari itakuwa mimi. Sabra amerudi, Sabra anacheka, Sabra anakunywa uji. Na habari si hiyo. Habari ni kwamba nyinyi mmesema jambo msilolijua." Akaligeuza bakuli la uji mkononi, akalitazama chini yake kana kwamba anatafuta alama ya kiwanda. "Halafu umeingia hapa, umesalimia, umeomba msamaha, na hujauliza swali."

"Swali gani?"

"Aliyekufa ni nani?"

Wanawake waligeuka wakamtazama Lukresia.

"Ujumbe umenifikia na mimi. Umesema Sabra amefariki," Bi Sabra akaendelea. "Haukusema Machano. Machano mmeongeza nyinyi. Basi kuna mahali leo kuna Sabra amelala, na hakuna aliyekwenda. Nenda."

Alikwenda kwa miguu. Kwanza aliuliza kwa wauza maji, wakamwelekeza kwa muuza dawa, muuza dawa akamwelekeza Machimboni, na kadiri alivyopanda kuelekea huko barabara ilizidi kuwa nyeupe, majani yalikuwa meupe, nyusi za watu zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe. Njiani alikuwa akijisemea. Nani amekufa. Nani. Jina moja, wanawake wawili. Mmoja nimemuua, mwingine nimemnyima kufa. Kama nisingeitwa ningejua lini. Kama asingefua. Kama angepokea tungesema tumefanya kazi yetu. Nani amekufa.

Nyumba ilikuwa na magunia ya mkaa yamepangwa ukutani, na mbele yake mwanamke wa makamo alikuwa ameketi kwenye gunia tupu, shingo ameiinamisha. Alipoinua uso alimtambua mara moja.

"Wewe ni yule wa televisheni."

"Ndimi. Natafuta kwao Sabra."

"Ni hapa. Mimi ni Tausi, dada yake. Tumemzika muda si mrefu." Akasogea, akampa nafasi kwenye gunia. "Tulikusikia."

Lukresia akaketi. Akafanya alichofundishwa; akanyamaza.

"Tulikuwa tumemlaza ndani, tunangoja waliokwenda kuchimba kaburi," Tausi alisema. "Mara kwa jirani tukasikia jina lake. Watoto wakakimbia kuniita. Nikajiuliza, mji umemjuaje ndugu yangu? Nikasema labda ni wale aliokuwa akiwapelekea mkaa majumbani, labda mmoja wao ni mtu mkubwa. Nikafurahi. Katika msiba nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaenda kutazama. Ulikuwa unasema alikuwa mkweli, na kwamba sauti yake haitasahaulika. Nikasema ni kweli kabisa. Alikuwa akipita alfajiri anaita mkaa, mtaa mzima unaamka. Nikalia. Hapo ndipo nilipolia sawasawa. Halafu mkaleta picha."

Upepo ulipita, ukainua vumbi, ukalilaza.

"Jina lake kamili lilikuwa nani?" Lukresia aliuliza.

"Sabra Mlekwa."

"Aliumwa nini?"

"Kifua. Vumbi la mkaa, na hili unaloliona."

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi."

Aliomba aonyeshwe kaburi. Tausi alimpeleka nyuma ya mteremko, na hapo Lukresia alisimama mbele ya udongo mbichi wenye alama za viganja vya watu. Hakuomba dua, kwa kuwa hakuona kama anastahili. Alitazama tu. Alitazama mpaka akawa na hakika kwamba ameona.

Bwana Tigiti alikuwa akimngoja mlangoni pa studio. Neno AMERUDI lilikuwa limeshaandaliwa kwa herufi za dhahabu.

"Amekataa kuonekana," Lukresia alimwambia. "Nitasoma sahihisho. Kwenye kiti kilekile nilichotangazia, bila muziki."

"Kaa kwanza." Alimvutia kiti. "Watu wamelia, Lukresia. Wamefunga biashara, wametoka majumbani, wamekumbatiana na wasiowajua. Ukiwaambia wamelia bure watatuchukia, na watajichukia. Ukiwaambia amerudi, watafurahi, na kilio chao kitakuwa kimezaa kitu. Mimi sisemi tudanganye. Amekufa, amerudi. Yote mawili tumeyasema sisi."

"Aliyekufa ni muuza mkaa wa Machimboni."

"Nani?"

"Sabra Mlekwa."

Bwana Tigiti alifikiri kwa uaminifu. "Huyo hana habari," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alimaanisha tu kwamba hakuna mahali pa kumweka.

Lukresia aliingia, akaketi. Kwenye mashine ya maneno mbele yake yalikuwa yakipita maneno ya Bwana Tigiti, yamepambwa, yakimsubiri ayatoe mdomoni. Aliyaacha yapite. Taa nyekundu ilipowaka alisema, "Habari za jioni," salamu ambayo hakuna aliyekuwa ameitumia pale kwa muda mrefu, na mahali pengi mjini watu walitazama madirishani.

"Tulitangaza kwamba Bi Sabra Machano, aliyekuwa msomaji wa habari wa kituo hiki, amefariki. Si kweli. Yuko hai. Hatukwenda kwake, na tulipopiga simu hatukungoja apokee. Tulisema alizaliwa Kivuleni. Hakuzaliwa Kivuleni. Tulirusha maneno kwamba alimbeba mtoto siku ya maporomoko. Hakumbeba. Aliyefariki ni Sabra Mlekwa wa Machimboni, muuza mkaa, kwa ugonjwa wa kifua. Dada yake, Tausi Mlekwa, alikuwa naye. Amezikwa. Hatuna picha yake."

Akanyamaza, akiitazama kamera, mpaka wakakata.

Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa amejiandaa hata kwa jiwe. Hakuna kilichokuja. Wachache walipiga simu kuuliza muuza mkaa ni nani na wanaambiwa ya nini. Wengi walilichukua sahihisho kuwa uvumi, wakasikitika kwamba kuna watu wasioogopa kuchezea jina la marehemu, na wale ambao machozi yao yalikuwa yamekauka wakapata sababu ya kuanza upya. Bwana Tigiti alimshika Lukresia bega, akamwambia amefanya kazi nzuri na sasa aende nyumbani akapumzike. Hakumwambia apumzike mpaka lini, naye hakuuliza.

Muda ukapita, kama unavyopita mahali pasipo na jioni, bila kuacha mistari. Mji ulijenga Barabara ya Sabra Machano, na Bi Sabra aliipita kwenda sokoni. Shule ikapewa jina lake. Siku moja alisimama getini kupumzisha mguu, na mlinzi akamuuliza anamtafuta nani.

"Ukamjibuje?" Lukresia aliuliza. Alikuwa akija kumtazama karibu kila siku, mara nyingine na mboga, mara nyingine mikono mitupu, na kazi hawakuizungumzia.

"Nikamwambia simtafuti mtu."

Walicheka wote wawili.

"Inakuuma, Bi Sabra?"

"Kinachoniuma ni mguu."

Lukresia alikuwa akimtazama wakati mwingine akila, au akitafuta miwani, na wazo lingempitia kwamba pengine mji ndio ulio sahihi. Wote wanasema hayupo. Makungu na mimi tunasema yupo. Kama tungekwenda safari wote wawili, angebaki na nani wa kumfanya awepo? Halafu Bi Sabra angepiga chafya, au angelalamikia chumvi, na wazo lingeondoka kwa aibu. Ndipo akaelewa, bila furaha kubwa na bila huzuni kubwa, kwamba mtu yuko hata asipotajwa, na kwamba kazi aliyofundishwa haikuwa kumfanya awepo. Ilikuwa ni kwenda alipo.

Bi Sabra alikufa asubuhi ya mawingu, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa siku chache. Lukresia alikuwepo. Alikaa naye kwa muda kabla ya kumwita mtu. Kisha alimwita Bwana Makungu, naye akaja, akasimama mlangoni, akaingia, akamgusa unyayo, akamgusa tena.

"Nimeona," alisema.

Lukresia alipiga simu kituoni. Sauti ya kijana asiyemfahamu ilimsikiliza kwa adabu, ikamwomba angoje, ikarudi.

"Bi Sabra Machano? Hiyo tunayo, mama. Ilishatoka."

Wanawake wa mtaa walikuja wakamwosha na kumvika sanda. Lakini mazishi yalikuwa alasiri, na wanaume waliokuja walikuwa wachache, wazee wengi wao. Turubai halikufungwa. Mji ulikuwa umeshalia kilio chake zamani na kukiweka mahali pake. Jeneza lilihitaji mabega, na mabega hayakutosha. Lukresia alijifunga kanga akatoka barabarani kutafuta watu.

Nyumba ya kwanza walimpa pole na kufunga mlango. Ya pili walidhani anakusanya michango. Akafika kwenye banda la kinyozi, pembeni mwa barabara yenye jina la marehemu. Runinga ilikuwa inasema juu ya kioo, na chini ya runinga ilitundikwa picha ya Bi Sabra katika fremu ya plastiki, na chini ya picha maneno mazuri ambayo hakupata kuyasema. Kinyozi alikuwa Chande, mtu wa umri wa Lukresia, na kitini alikuwepo mteja mwenye povu nusu ya uso.

"Bi Sabra Machano amefariki leo asubuhi," Lukresia alisema. "Anazikwa alasiri hii, na hatuna watu wa kutosha kubeba jeneza."

Chande alielekeza wembe kwenye picha. "Huyu?"

"Huyo."

"Huyu tulishamlilia, mama. Mimi mwenyewe nilifunga banda."

"Mlimlilia akiwa hai. Leo amekufa. Mimi nilikuwa naye chumbani."

Chande alimtazama kwa makini, kisha akanyoosha mkono akapunguza sauti ya runinga. Mteja aligeuza shingo.

"Ulikuwa naye," Chande alisema.

"Ndiyo."

"Alisema nini mwishoni?"

Lukresia aliona usoni mwake kitu anachokingojea. Kilikuwa kitu cha kuandika chini ya picha. Naye alikuwa nacho, angeweza kumpa; alikuwa amekaa na Bi Sabra muda wa kutosha kumtungia maneno ambayo hata Bi Sabra mwenyewe angeyaona yanamfaa. Yasingemwumiza mtu. Banda lingefungwa, simu zingepigwa, mabega yangepatikana mengi kuliko yanayohitajika. Barabarani wingu lilisogea, mwanga ukaingia mpaka miguuni pake, ukatoka.

"Alisema, 'Funika hayo maji, nzi wataingia.'"

"Basi?"

"Basi. Nikayafunika. Nilipogeuka alikuwa ameshakwenda."

Chande aliitazama picha, akamtazama Lukresia, akaitazama tena picha kama mtu anayejaribu kuwakutanisha wawili waliopotezana.

"Mama yangu naye alikuwa hawezi kuona chungu kiko wazi," alisema.

Aliufuta wembe, akauweka. Mteja alichukua taulo mwenyewe, akajipangusa povu; upande mmoja wa uso wake ulikuwa laini na upande wa pili una ndevu. Akasimama.

"Makaburi yapi?" aliuliza.

"Ya Mikaratusi, nyuma ya msikiti."

Chande alizima runinga, akavuta mlango wa banda, akatia kufuli.

"Tangulia, mama," alisema. "Utuonyeshe nyumba."